Founders Online: Huduma ya Bure kwa Anayeufuatilia Ukoo wa Schuyler

Anayetaka kuzijua familia zilizoiongoza Marekani katika miaka yake ya mwanzo hakosi mahali pa kuanzia. Shida yake ni kujua aamini lipi. Miti ya ukoo imejaa mtandaoni, mingi ikiwa imejengwa na watu wenye nia njema walionakiliana bila kuuliza habari ilitoka wapi, na kwa sababu hiyo mtu mmoja hupewa wazazi wa aina mbili, au ndugu wawili wenye jina moja hugeuzwa kuwa mtu mmoja. Huduma ninayoitathmini hapa, Founders Online, haina mti wa ukoo hata mmoja. Inampa msomaji barua zenyewe, pamoja na maelezo ya wanazuoni waliozichunguza, na kumwachia kazi ya kuunganisha. Nimeitumia kuufuatilia ukoo wa Schuyler wa Albany, jimboni New York, ukoo uliotoa meya, jenerali, seneta na wabunge, na uliomwoza binti yake Alexander Hamilton. Kwa kazi ya kuthibitisha nasaba ya namna hiyo sijaona huduma ya bure inayoishinda, ingawa ina mipaka ambayo mtumiaji anapaswa kuijua mapema, asije akadhani kwamba mtu asiyeonekana humo hakuwapo.

Huduma hii ilifunguliwa mwaka 2013 na Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Marekani kwa kushirikiana na shirika la uchapishaji la Chuo Kikuu cha Virginia. Imekusanya maandishi ya waasisi wa taifa la Marekani: George Washington, Benjamin Franklin, John Adams, Thomas Jefferson, Alexander Hamilton na James Madison, na baadaye yakaongezwa ya John Jay. Nyaraka zilizomo zimepita 180,000. Hakuna malipo, na msomaji halazimiki kujisajili. Mtu asiyewahi kuziona juzuu zilizochapishwa hawezi kukadiria ukubwa wa zawadi hii: karatasi za Hamilton peke yake zilihaririwa katika juzuu 27 zilizotolewa na Chuo Kikuu cha Columbia kati ya 1961 na 1987, na seti kamili ya juzuu hizo ni mali ya maktaba kubwa, si ya msomaji wa kawaida. Leo mwalimu wa Morogoro au Kisumu mwenye simu na mtandao anasoma maandishi yale yale, na maelezo yale yale ya chini ya ukurasa, anayoyasoma profesa wa New York.

Nilianza na swali jepesi kuliko yote: jenerali Philip Schuyler alikuwa mtoto wa nani? Hapo ndipo mpaka wa kwanza wa huduma ulipojitokeza, kwa sababu Founders Online haina mengi juu ya vizazi vilivyotangulia miaka ya 1750. Watu saba ambao huduma imejengwa juu yao walikuwa bado watoto au hawajazaliwa, isipokuwa Franklin, na Franklin hakuwa mtu wa Albany. Vizazi vya mwanzo hutafutwa kwingine, hasa katika rejista za ubatizo za Kanisa la Kidachi la Albany, zinazoanzia mwaka 1683. Mkondo wenyewe umenyooka vizuri. Philip Pieterse Schuyler alitoka Uholanzi akakaa katika kijiji cha Beverwijck, kilichokuja kuitwa Albany, na akamwoa Margarita van Slichtenhorst mwaka 1650. Miongoni mwa watoto wao walikuwamo Pieter, aliyekuwa meya wa kwanza wa Albany mwaka 1686, na Johannes, aliyeongoza uvamizi dhidi ya Wafaransa wa Kanada mwaka 1690 akiwa kijana wa miaka ishirini na kidogo, na ambaye naye baadaye akawa meya. Johannes huyo alimzaa Johannes mwingine, na huyu wa pili akamwoa Cornelia Van Cortlandt. Mtoto wao Philip, aliyezaliwa mwaka 1733, ndiye jenerali.

Nimeyaeleza haya kwa kirefu kwa sababu ndipo watu wengi wanapoteleza. Pieter ndiye mwenye sifa kubwa katika kizazi chake, kwani mwaka 1710 aliwapeleka viongozi wanne wa wenyeji hadi London kuonana na Malkia Anne, na mwandishi asiye makini humfanya kuwa babu wa jenerali. Hakuwa babu yake; alikuwa ndugu wa babu yake. Katika familia ambayo cheo, ardhi na uhusiano na wenyeji wa kabila la Mohawk vilirithiwa pamoja, tofauti hiyo si ndogo.

Kuanzia mwaka 1775, vita vya uhuru dhidi ya Uingereza vilipoanza, mambo hubadilika kabisa, na huduma inaanza kumlipa msomaji kwa ukarimu. Tarehe 25 Juni 1775 Washington alimwandikia Schuyler, aliyekuwa ametoka tu kuteuliwa meja jenerali, akimkabidhi amri ya majeshi ya New York. Tangu hapo barua baina yao hazikatiki. Njia bora ya kuzisoma ni kuchagua jina la mwandishi, kisha la mpokeaji, kisha kuweka mipaka ya tarehe, na kusoma kwa mfululizo badala ya kurukaruka. Ukifanya hivyo kwa mwaka 1777 utaona jinsi ngome ya Ticonderoga ilivyopotea mwezi Julai, jinsi lawama zilivyomwangukia Schuyler, na jinsi nafasi yake ilivyochukuliwa na jenerali Horatio Gates mwezi Agosti, wiki chache tu kabla ya jeshi la Uingereza kujisalimisha Saratoga tarehe 17 Oktoba. Mahakama ya kijeshi ilimwona hana hatia mwaka 1778, naye akajiuzulu jeshini mwaka uliofuata. Kwa mtu anayeandika nasaba, haya si mapambo. Nyumba ya familia huko Saratoga ilichomwa moto kwa amri ya Burgoyne, jenerali wa jeshi hilo la Uingereza, katika vita hivyo. Burgoyne huyo huyo, baada ya kushindwa, akapokewa kama mgeni katika nyumba ya Schuyler mjini Albany. Ukijua hayo utaelewa kwa nini jina la Saratoga hurudi tena na tena katika wosia, ndoa na mirathi ya watoto.

Sehemu iliyonifanya niithamini sana huduma hii ni ile ya mabinti. Wasomaji wengi wa leo wamewafahamu Angelica, Elizabeth na Margarita, aliyeitwa Peggy, kupitia mchezo maarufu wa jukwaani ambao unamfanya Angelica aseme kwamba baba yake hana mtoto wa kiume, na unaompa nafasi ya kumwachia mdogo wake mwanamume ambaye yeye mwenyewe angeweza kuolewa naye. Nyaraka zinakataa yote mawili. Philip Schuyler na mkewe Catherine Van Rensselaer, waliooana mwaka 1755, walipata watoto kumi na watano, na wanane kati yao walifika utu uzima. Wakati Hamilton anaposa, mwaka 1780, wana watatu wa kiume walikuwa hai: John Bradstreet, Philip Jeremiah na Rensselaer. Wa kwanza alipewa jina la ofisa wa jeshi la Uingereza ambaye baba yake alitumika chini yake na kufanya urafiki naye, jambo ambalo mtu asiyejua historia ya kijeshi ya familia hii angelitafutia maelezo bure katika majina ya mababu.

Kuhusu ndoa ya Angelica, kuna barua moja inayomaliza ubishi. Tarehe 8 Aprili 1780 Philip Schuyler alimwandikia Hamilton kumjulisha kwamba mama mtu ameridhia posa ya Elizabeth. Katika barua hiyo hiyo anamwambia mkwe wake mtarajiwa kwamba haifai ndoa kufungwa katika kambi ya jeshi alikokuwa Hamilton, kwa kuwa mkewe hakushuhudia kuozwa kwa binti yao mkubwa, jambo lililomuumiza hata yeye, na hawataki kulipitia mara ya pili. Binti mkubwa ni Angelica, aliyetoroka na John Barker Church mwaka 1777. Ni sentensi chache za baba aliyekwisha kuumia, anayesema kwa adabu na kwa uthabiti, na ndani yake mna ushahidi wa ndoa mbili, mpangilio wa kuzaliwa kwa mabinti, na sababu ya Hamilton kusafiri hadi Albany kufunga ndoa sebuleni kwa wakwe zake tarehe 14 Desemba 1780. Nasaba iliyoandikwa kwa majina na tarehe tupu haiwezi kukupa hayo. Ningemshauri yeyote anayeijaribu huduma hii aanze na barua hiyo, asome na maelezo yake ya chini, kisha arudi nyuma hadi Februari ya mwaka huo kusoma barua ambayo Hamilton alimwandikia Margarita kumsifia dada yake.

Margarita naye aliolewa mwaka 1783 na Stephen Van Rensselaer, kijana aliyekuwa mdogo kwake kwa takriban miaka sita, mrithi wa mashamba makubwa kuliko yote ya bonde la Hudson. Kwa hiyo Church, Hamilton na Van Rensselaer walikuwa wanyumba: mmoja mfanyabiashara aliyetajirika kwa kuyauzia majeshi mahitaji, mmoja waziri wa kwanza wa fedha wa taifa jipya, na mmoja kabaila ambaye baadaye aliongoza wanamgambo wa New York katika vita vya 1812 na kuanzisha chuo mjini Troy mwaka 1824. Bastola zilizotumika katika pambano la watu wawili lililomuua Hamilton zilikuwa za Church. Nguvu ya ukoo huu ilikuwa katika mtandao wa wakwe kuliko katika mkondo wa baba kwenda kwa mwana, na hapa utaratibu wa Founders Online, unaokuonyesha nani alimwandikia nani, unasaidia kuliko mchoro wowote wa matawi.

Majina yanayojirudia ni mtihani wa kila anayeshughulika na familia hii. Kama ilivyo desturi katika familia nyingi za kwetu, mtoto alipewa jina la babu au bibi, na kwa hiyo jina la Philip limetapakaa kila tawi: Philip Pieterse, Philip jenerali, mwanawe Philip Jeremiah aliyekuwa mbunge wa Marekani kuanzia 1817 hadi 1819, na Philip Church, mwana wa Angelica. Wagumu zaidi ni Philip Hamilton wawili, watoto wa baba na mama mmoja. Wa kwanza alizaliwa mwaka 1782 na kuuawa kwa risasi katika pambano mnamo Novemba 1801; wa pili alizaliwa mwaka 1802 na kupewa jina la marehemu kaka yake. Nimewahi kuona katika huduma nyingine ya miti ya ukoo Philip mmoja aliyeuawa akiwa na miaka kumi na tisa na bado akaoa na kupata watoto. Katika Founders Online kosa hilo ni gumu kutokea kwa msomaji anayesoma maelezo ya wahariri, kwa sababu kila jina linapoingia kwa mara ya kwanza hutambulishwa kwa nasaba yake, na barua inayotaja jina la kwanza tu huelezwa inamhusu nani.

Maelezo hayo ndiyo roho ya huduma, na ndiyo ninayoyasifu kuliko kitu kingine. Hata hivyo, mengi yaliandikwa miongo sita iliyopita, na yanaonyesha kile ambacho wahariri wa wakati ule waliona kinastahili kuelezwa. Mwanasiasa wa daraja la tatu hupata aya nzima, huku mwanamke akitambulishwa kwa jina la mumewe na basi. Sauti ya Catherine Schuyler, aliyebeba mimba na kuzaa kwa zaidi ya miaka ishirini na mitano huku akisimamia nyumba mbili wakati wa vita, husikika kwa nadra sana. Barua ambazo Elizabeth alimwandikia mumewe karibu zote zimepotea, na kwa hiyo msomaji anamjua kupitia majibu ya Hamilton tu. Hilo la pili si kosa la huduma. La kwanza ni kosa la uhariri, na lingeweza kurekebishwa kwa kuongeza maelezo mapya, maana Elizabeth aliishi miaka hamsini baada ya kifo cha mumewe, akashiriki kuanzisha kituo cha mayatima New York mwaka 1806, na akafa mwaka 1854 akiwa na umri wa miaka 97.

Pengo kubwa kuliko hilo ni la watu waliomilikiwa. Sensa ya mwaka 1790 ilihesabu watumwa kumi na watatu katika nyumba ya Schuyler mjini Albany. Katika Founders Online wanaonekana kwa mafungu ya maneno tu: mwaka 1795 Philip Schuyler anamwandikia Hamilton kuhusu mwanamke na mvulana wanaotafutwa kwa ajili ya nyumba yake, na katika daftari la fedha la Hamilton la mwaka 1796 kuna malipo ya watumishi wawili weusi. Mwaka 2020 jumba la makumbusho la Schuyler lilitoa utafiti uliozitumia nyaraka za namna hii kudai kwamba Hamilton mwenyewe alimiliki watumwa, na wanazuoni wengine wakapinga tafsiri hiyo. Uzuri ni kwamba msomaji anaweza kuzisoma nyaraka zenyewe na kupima hoja za pande zote mbili. Lakini majina ya watu hao, wazazi wao na watoto wao, huduma haiwezi kukupa, kwa kuwa waandishi wa barua hizo hawakuyaandika.

Ninalisisitiza hili kwa sababu linatuhusu sisi wa upande huu wa Bahari ya Hindi. Mwaka 2005 mafundi wa mabomba ya maji taka walikuta makaburi katika eneo la Schuyler Flatts, kaskazini kidogo ya Albany, kwenye ardhi iliyokuwa ya ukoo huu. Mabaki yalikuwa ya watu waliotumikishwa, na uchunguzi wa vinasaba ulionyesha kuwa baadhi yao walikuwa wa asili ya Afrika, na wengine asili yao ilikuwa Madagaska. Hilo haliwashangazi wanaojua kwamba wafanyabiashara wa New York walipeleka meli kununua watumwa Madagaska katika miaka ya 1690. Walizikwa upya kwa heshima mwaka 2016. Nasaba ya ukoo wa Schuyler isiyowataja watu hawa ina nusu ya watu wa nyumba ile, hata kama kila tarehe yake ni sahihi.

Kwa sababu hiyo naishauri huduma hii itumike pamoja na nyingine ndogo, nayo ni ya bure: mradi wa historia ya jamii ya Albany ya kikoloni, ulioanza mwaka 1981 chini ya Makumbusho ya Jimbo la New York. Mradi huo ulijiwekea lengo la kumpa wasifu kila mtu aliyeishi Albany kabla ya enzi ya viwanda, watu wapatao 16,000, awe tajiri, fundi seremala, mjane au mtumwa. Mpangilio wake ni wa kizamani na wasifu mwingine ni wa sentensi chache, lakini mtu aliyetajwa pembeni katika barua ya jenerali mara nyingi huwa na ukurasa wake humo, pamoja na tarehe ya ubatizo na majina ya wadhamini wake. Ambapo Founders Online inaishia, mradi huu huendelea. Na ambapo mradi unatoa habari bila kueleza kwa undani, barua huleta uhai.

Yapo mambo machache ya utumiaji. Tahajia za asili zimeachwa kama zilivyo, kwa hiyo jina kama Van Rensselaer litafutwe kwa maumbo kadhaa. Kutafuta kwa jina la mwandishi au mpokeaji ni salama zaidi kuliko kutafuta neno ndani ya matini. Picha za hati zenyewe hazimo, ila chini ya kila barua kuna mstari unaoeleza hati iko maktaba gani, na kwa karatasi za Hamilton na Washington picha nyingi hupatikana katika Maktaba ya Bunge la Marekani. Nyaraka zilizowekwa alama ya kuwa bado hazijahaririwa kikamilifu zitumike kwa uangalifu, hasa kwa tarehe. Lugha ni Kiingereza cha karne ya 18 chenye sentensi ndefu na adabu nyingi, kinachohitaji subira hata kwa aliyesoma sana. Kurasa zenyewe ni maandishi matupu, na kwa maoni yangu huo ni uamuzi mzuri, kwani hufunguka hata kwa mtandao dhaifu, na kila waraka una anwani ya kudumu ambayo mwandishi wa nasaba anaweza kuinukuu bila hofu ya kupotea.

Atakayemaliza humo na bado akawa na njaa ajue kwamba karatasi za Philip Schuyler mwenyewe, zikiwamo hesabu za mashamba na barua za jeshi ambazo hazikupitia kwa mmoja wa wale saba, zimehifadhiwa katika Maktaba ya Umma ya New York. Founders Online itamwonyesha ni barua zipi akazitafute: maelezo ya wahariri hutaja mara kwa mara majibu yaliyobaki katika mkusanyo huo, na mtu aliyejiandikia orodha ya tarehe hizo mapema atakuwa amejipunguzia nusu ya kazi kabla ya kuomba sanduku la kwanza.